Abiria 1,846 wa Kabedi

Kila siku akitoka shuleni, Kabedi alikuwa na desturi ileile. Alivua sare, akajaza bidoni mbili za maji kwenye bomba la jirani, akawasha makaa kwenye mbabula, akabandika sufuria ya maharagwe. Kisha alikwenda kusimama mbele ya dada yake mkubwa, Mignonne, aliyekuwa akisuka watu nywele barazani, akanyoosha mkono bila kusema neno. Mignonne naye, vidole vikiwa bado ndani ya nywele za mteja, alimwonyesha kwa kidevu mfuko wa aproni yake. Humo ndimo ilimokaa simu.

"Nusu saa, Kabedi. Si saa nzima."

"Ndiyo, yaya," alijibu, kama alivyozoea kumwita dada yake.

Kabedi alikuwa na miaka kumi na miwili. Nusu saa hiyo aliitumia yote kwenye mchezo mmoja: mchezo wa kujenga metro, yaani treni zinazopita chini ya ardhi katika miji mikubwa. Hapo Manika, mtaa wao wa Kolwezi, hakuna mtoto aliyewahi kuiona metro kwa macho yake. Watu walipanda pikipiki za taxi-moto au basi dogo, na treni waliyoijua ni ile ya juu ya ardhi iendayo polepole upande wa Kasaji. Lakini wanafunzi wa darasa lake walizungumza juu ya metro kana kwamba wamezaliwa ndani yake.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi kuuanza na mgumu kuumaliza. Vituo vilijitokeza kimoja baada ya kingine kwenye skrini: kimoja mviringo, kingine pembetatu, kingine mraba. Wewe uliviunganisha kwa njia za rangi, na treni zikaanza kukimbia. Abiria nao walikuwa maumbo madogo. Abiria wa pembetatu alitaka kufikishwa kwenye kituo cha pembetatu, wa mraba kwenye mraba. Kila wiki ya mchezo ulipewa uchague kitu kipya: treni, behewa, au handaki la kupita chini ya mto. Abiria wakirundikana kwenye kituo, duara jekundu lilianza kukizunguka. Duara likifunga, mchezo umekwisha, na unahesabiwa abiria uliowafikisha.

Mwalimu wao wa hesabu, Mwalimu Numbi, aliwakuta siku moja wakigombana juu ya mchezo huo wakati wa mapumziko. Hakuwakaripia. Alisikiliza kidogo, akakuna kidevu, akasema, "Kama mnataka kugombana juu ya mbinu, mgombane kwa namba. Kila Jumatatu mtaniletea mbinu yenu na idadi ya abiria mliowafikisha. Tutalinganisha ubaoni."

Tangu siku hiyo Jumatatu ikawa siku ya moto. Kabedi aliamini njia za mzunguko: alichora kila njia izunguke mpaka irudi ilikoanzia, kisha akazikutanisha zote kwenye kituo kimoja katikati ya mji. Treni zake zilikwenda mbio, zikapendeza kuangalia. Lakini kila mara kituo kile cha katikati kilijaa, na duara jekundu likamkamata kwenye abiria mia sita, mia saba. Sadrack, mvulana mkimya aliyehamia kutoka Kasaji mwaka uliopita, alileta mia tisa na kumi na mbili. Juma lililofuata akaleta elfu moja na sitini.

Hapo ndipo Kabedi alipoanza kukosa raha. Alikuwa amezoea kuwa wa kwanza katika hesabu. Sasa kila Mwalimu alipouliza, macho ya darasa yaligeuka upande wa Sadrack.

Kisha ikaja habari ya mashindano. Shule moja ya ng'ambo ya mji iliwaalika kucheza Jumamosi katika ukumbi wa parokia. Kila shule ingeleta wachezaji wawili, na idadi zao zingejumlishwa.

"Atakayeleta idadi kubwa Jumatatu ndiye nahodha," Mwalimu Numbi alisema. "Yeye atachagua mwenzake, na wote wawili watafuata mbinu yake. Mnitumie picha ya skrini, nione."

Jumapili, baada ya ibada, Kabedi alicheza mara tatu. Mia sita arobaini. Mia saba na mbili. Mia tano na tisini. Ndipo alipokiona kitufe ambacho siku zote alikipita: alama kama nane iliyolala. Akakibonyeza. Ilikuwa namna nyingine ya kucheza, ambayo haina mwisho. Vituo vilijaa mpaka vikafurika, na duara jekundu halikutokea kamwe. Namba ilipanda tu. Elfu moja. Elfu moja mia tano. Ilipofika 1,846, alipiga picha ya skrini. Kisha, kwa kidole kimoja, akaikata picha chini kidogo, pale ilipoonekana ile nane iliyolala, na kuituma kwa Mwalimu kabla moyo haujabadilika.

Jumatatu darasa zima lilipiga kelele. "Elfu moja mia nane!" Mwalimu Numbi aliiandika namba hiyo ubaoni, akaitazama kwa muda, kisha akamtazama Kabedi.

"Ulitumia mbinu gani?"

"Njia za mzunguko, Mwalimu. Zote zikutane katikati." Alisema upesi, kama mtu anayeruka shimo.

"Haya. Unamchagua nani?"

Hakufikiri. "Darlène."

Darlène alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Aliruka kwenye benchi, akamkumbatia mbele ya watu wote. Sadrack alifunga daftari lake taratibu na kuliweka mkobani.

Jioni ile Darlène alicheza kwa simu ya mama yake, akifuata mbinu ya Kabedi njia kwa njia. Jumanne asubuhi alimsubiri langoni.

"Mi nilipata mia nne themanini tu. Nakosea wapi?"

"Utazoea," Kabedi alijibu bila kumtazama.

Jumatano alipata mia tano na arobaini. Macho yake yalikuwa mekundu. Katika jaribio la sehemu na desimali, jambo ambalo Darlène aliliweza vizuri, aliacha maswali matatu bila jibu. "Kichwa yangu ni jiwe," alimnong'oneza Kabedi. "Mbinu ni ile ile, mchezo ni ule ule. Weye unafikisha batu elfu moja mia nane, mi hata mia sita siwezi. Basi ni kichwa yangu."

Kabedi alitaka kusema neno. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likarudi.

Badala ya kusema, alijipa kazi nyingine: aipate ile namba kweli, kabla ya Jumamosi. Akiipata, alijiambia, uongo utakuwa umekufa wenyewe bila mtu yeyote kujua. Nusu saa yake haikutosha tena. Alinyakua simu Mignonne akienda bombani, akainyakua tena Mignonne akisindikiza mteja. Mia saba. Mia sita hamsini na tano. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Nje barabarani malori ya madini yalipita yakipiga honi, na kila honi ilimshtua kana kwamba inaita jina lake.

Harufu ya kuungua ndiyo iliyomrudisha. Maharagwe yalikuwa yameshika chini ya sufuria, meusi kama makaa.

Mignonne aliipua sufuria, akaiweka chini, wala hakupaza sauti. Alimtazama mdogo wake kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Tangu juzi unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Una nini?"

"Hapana kitu, yaya."

"Kitu kiko." Mignonne alimpokonya simu mkononi. "Sikia, Kabedi. Kikikuwasha mugongoni, mukono utafika. Kikikuwasha ndani, mukono haufiki kule. Mudomo njo unafika, mudomo peke yake."

Kabedi aliinama, akaanza kuikwangua sufuria kwa kijiko. Aliikwangua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Alhamisi umeme ulikatika tangu asubuhi, na simu ya Mignonne ilikuwa imezimika. Hakukuwa na namna ya kujaribu tena. Wakati wa mapumziko Kabedi alizunguka uwanja wa shule mara mbili, kisha akamfuata Sadrack nyuma ya darasa.

"Sadrack," alianza, akichezea kifungo cha sare yake, "weye unachezaka namna gani? Nataka kujua tu. Tulinganishe."

Alidhani angemjibu vibaya. Yeye mwenyewe, katika nafasi yake, angejibu vibaya. Lakini Sadrack alitafuta kijiti, akachuchumaa, akasawazisha vumbi jekundu kwa kiganja.

"Mi sifanyi mizunguko mingi," alisema, akichora. "Njia zangu ni fupi. Naangalia maumbo yapishane: mviringo, pembetatu, mviringo, mraba. Ukiweka miviringo mitatu ikifuatana, treni inabeba batu bure, hakuna anayeshuka. Tena sikutanishi njia zote mahali pamoja. Nazikutanisha mbili hapa, mbili kule. Na treni moja naiweka akiba, siitumii. Kituo kikianza kujaa, naisimamisha saa ya mchezo, naipeleka ile treni kule."

"Unajuaje ni kituo gani kitajaa?"

Sadrack alifikiri. "Kule Kasaji, nyanya yangu anauzaka mihogo kwenye stesheni. Nilikuwa nakaa naye. Batu wote walikuwa wanatazama treni inatoka wapi. Mi nilikuwa natazama wale wanaongoja. Weye, Kabedi, nilikuona unacheza siku moja. Unaangalia treni sana. Angalia wanaongoja."

Kabedi alitazama ile michoro ya vumbi. Kila kitu kilikuwa wazi, na yote alipewa bure na mtu ambaye yeye alikuwa amemnyang'anya nafasi.

"Juu ya nini unanionyesha?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Weye hauchezi Jumamosi."

Sadrack alinyanyua mabega. "Darasa letu njo linacheza." Kengele ikalia, akafuta vumbi kwa mguu.

Umeme ulirudi alasiri. Mignonne alimpa simu, akamwonyesha saa ukutani. Kabedi alicheza kwa mbinu ya Sadrack: njia fupi, maumbo yanayopishana, treni moja ya akiba. Alitazama wanaongoja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipita elfu moja. Duara jekundu lilimkamata kwenye 1,030. Ilikuwa namba nzuri, namba ya kweli, na haikumfurahisha hata kidogo. Kati yake na 1,846 kulikuwa na watu mia nane na kumi na sita ambao hakuwahi kumfikisha hata mmoja wao popote.

Ijumaa, somo la mwisho, Mwalimu Numbi aliwageukia wachezaji wawili. "Kesho ndiyo siku. Darlène, umefika wapi na mbinu hii?"

Darlène alisimama. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Mia tano na arobaini, Mwalimu. Nimejaribu mara kumi na moja." Aliinamisha uso. "Naomba unitoe. Mbinu ya Kabedi ni nzuri. Ni mi siwezi. Nitawaharibia wote."

Mwalimu Numbi alivua miwani, akaifuta. "Una hakika?"

"Ndiyo, Mwalimu. Mi siko na kichwa cha hesabu."

Kabla hajajua anafanya nini, Kabedi alikuwa amesimama, na daftari lake limeanguka sakafuni.

"Anacho!" alisema. "Anacho kichwa, Mwalimu. Mbinu yangu ndiyo haina kitu."

Watu wote waligeuka.

"Ile namba si ya kweli. Nilicheza ile namna isiyo na mwisho, ambayo vituo vinajaa na mchezo hausimami. Kisha nikakata picha ili usione. Kwa mchezo wenyewe, kwa mbinu yangu, sijawahi kufika hata mia nane." Alimwelekezea mkono Sadrack. "Jana nilifika elfu moja na thelathini, lakini kwa mbinu ya Sadrack. Yeye ndiye wa kwanza. Alikuwa wa kwanza tangu Jumatatu."

Manung'uniko yalianza nyuma, yakaenea mpaka mbele. Mtu mmoja alisema "muongo" kwa sauti ya kusikika. Lakini lililomchoma Kabedi halikuwa hilo. Lililomchoma ni kumwona Darlène akimtazama kana kwamba ni mtu asiyemjua.

"Mara kumi na moja," Darlène alisema polepole. "Nilikuambia kichwa yangu ni jiwe. Ulinisikia. Ukanyamaza."

Darlène akakaa, akampa mgongo.

Mwalimu Numbi alisubiri kelele zipungue. Hakumwadhibu pale pale wala hakumfariji. Alikwenda ubaoni, akafuta 1,846 kwa kiganja, akaandika 1,030, na juu yake 1,060 ya Sadrack. "Nahodha ni Sadrack," alisema. "Sadrack, chagua mwenzako."

Kabedi alijua asingechaguliwa yeye, na hakutaka kuchaguliwa.

"Darlène," Sadrack alisema. "Mutu aliyejaribu mara kumi na moja hataogopa kesho."

Baada ya somo Mwalimu alimzuia Kabedi mlangoni. "Kesho utakuja. Hutacheza. Utakaa nyuma na daftari, uandike kila timu inachagua nini kila wiki ya mchezo: treni, behewa au handaki. Na uandike unachokiona tu."

Jioni ile Kabedi alimweleza Mignonne kila kitu, akiwa amesimama, mikono nyuma. Mignonne aliendelea kusuka mpaka mwisho wa msuko, akaufunga, ndipo aliposema, "Simu utaiona tena mwezi kesho. Na ile sufuria bado ni nyeusi."

"Ndiyo, yaya," Kabedi alisema, akaenda kuisugua.

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa, na kila mchezo ulionyeshwa ukutani kwa projekta. Kabedi alikaa benchi la nyuma kabisa, peke yake. Wenzake walikuwa wameacha nafasi kati yao na yeye. Alitamani kutoka nje, akajilazimisha kubaki. Sadrack alicheza kwanza, bila haraka, akifikisha abiria 1,120. Kisha Darlène akaketi. Wiki ya tatu alibabaika, akachukua handaki badala ya treni, na kituo cha mraba kando ya mto kikaanza kuzungukwa na wekundu. Kabedi alisimama bila kujijua. Kule mbele Darlène alisimamisha saa ya mchezo, akavuta pumzi, akaitoa treni yake ya akiba na kuiweka kwenye njia ile. Wekundu ukarudi nyuma. Aliendelea mpaka 873.

Jumla yao ilikuwa 1,993. Wenyeji walipata 2,012.

Walishindwa kwa abiria kumi na tisa. Walikuwapo waliolia, na wapo waliomtupia Kabedi jicho la lawama, kwa maana Darlène alikuwa amejifunza mbinu ya Sadrack kwa jioni moja tu. Kabedi alilipokea jicho hilo. Lilikuwa la haki.

Walirudi kwa miguu, Mwalimu Numbi akiwa katikati yao. Vumbi la malori lilipotulia alisema, "Leteni daftari tulione."

Kabedi alilifungua. Alikuwa ameandika kila kitu, timu zote mbili, wiki kwa wiki, na palipomtatiza ameweka alama ya kuuliza. Mwalimu alisoma akitembea, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa kwa hili tunaweza kujifunza," alisema. "Kabedi, uongo wako haukuwa juu ya mchezo. Ukimwonyesha mtu njia ambayo wewe mwenyewe hukuipita, asipofika hatailaumu njia. Atadhani miguu yake ndiyo mibovu. Rafiki yako aliamini hivyo kwa siku nne." Kisha akawageukia wote. "Na ninyi msikie. Kulinganisha mbinu ni kazi nzuri, hata wanaojenga metro za kweli hufanya hivyo. Lakini namba moja ya uongo ikiingia, wote wanaoifuata wanapotea. Afadhali mia sita ya kweli. Kutoka mia sita mtu anaweza kupanda. Kutoka kwenye uongo hakuna pa kupandia. Kabedi alisimama jana akashuka mbele yenu wote. Hilo nalo si rahisi, msilisahau."

Walitembea. Baadaye kidogo Darlène, ambaye tangu jana hakuwa amemsemesha, alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Mi bado niko na hasira," alisema.

"Najua," Kabedi alijibu. "Nisamehe, Darlène."

Darlène alinyoosha mkono, akalichukua daftari, akapekua mpaka ukurasa wa wiki ya tatu.

"Hapa, kwenye handaki," alisema, akiweka kidole. "Niambie kweli. Nilikosea sana?"

Kabedi aliangalia alichoandika. "Ulikosea," alisema. "Wale wengine walichukua treni. Lakini wiki ya nne ulifanya vizuri kuliko wao wote."

Darlène alimtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta kama kuna kitu kimefichwa. Kisha akaligeuza daftari ili wote wawili walione, na wakaendelea kusoma wakitembea.